Kengele Isiyonyamaza: Utangulizi wa Elimu ya Kutengeneza Vifaa vya Tahadhari Nyumbani

Huenda wewe ni fundi chipukizi unayenunua vipuri Luthuli Avenue, au mpangaji wa fleti Kileleshwa ambaye king'ora cha jirani kimekukosesha usingizi. Huenda wewe ndiye msimamizi wa jumba zima pale Westlands, unayepigiwa simu kila kitu kinapoharibika. Yeyote uliye, somo hili linakufaa, na halidai uwe umesomea uhandisi. Ninachokuomba ni subira kidogo katika kurasa za mwanzo, kwa sababu msingi ukikaa sawa, mengine hujengeka juu yake bila taabu.

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukielekea magharibi, utapita mitaa iliyojizungushia tahadhari za kila aina: ua wa umeme juu ya kuta, ving'ora chini ya mapaa, vibao vya kampuni za ulinzi getini, grili kwenye madirisha hadi ghorofa za juu. Vifaa hivi vyote huharibika, na vinapoharibika huitwa fundi. Watu wengi hudhani kazi ya fundi huyo ni kama ya kutengeneza pasi au redio: kilikuwa hakifanyi kazi, sasa kinafanya. Lakini pasi iliyotengenezwa vibaya hujionyesha siku ileile. Kifaa cha tahadhari kilichotengenezwa vibaya kinaweza kukaa ukutani miaka mitano, taa yake ya kijani ikiwaka, na kasoro yake ijulikane usiku mmoja tu, usiku ambao kilihitajika.

Ndiyo maana mafundi wengi wakifika huuliza swali moja, nini kimeharibika, nami nataka ulizoee la pili: nikikirekebisha hivi, hatari itahamia wapi, na ni nani atakayeibeba? Karibu kila hatua ya ukarabati huziba tundu moja na kulegeza jingine. Elimu ninayokufungulia hapa ni ya kuyapima matundu hayo kwa macho makavu.

Tuanze na umbo la kifaa chenyewe. Kengele yoyote ya tahadhari, iwe ya wezi, ya moshi au ya gesi, ina kazi tatu. Kwanza inahisi, yaani inapokea dalili fulani kutoka kwenye mazingira: mlango umefunguka, joto la mwili limepita, moshi umeingia. Sehemu inayofanya kazi hiyo huitwa kitambuzi. Pili inaamua, yaani inapima kama dalili hiyo inatosha kuitwa hatari. Katika kengele ya wezi, uamuzi huo hufanyika kwenye kisanduku cha kudhibiti, lile boksi la chuma ambalo mara nyingi hufichwa kwenye kabati. Tatu inatangaza: king'ora kinalia, taa inamweka, au ujumbe unakwenda kwenye kituo cha kampuni ya ulinzi ili gari la dharura litumwe. Chini ya kazi hizo tatu kuna kitu cha nne ambacho watu husahau, nacho ni umeme unaozilisha zote. Fundi anayefika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye king'ora kwa sababu ndicho kinachopiga kelele, ameanza mwishoni mwa mnyororo.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika somo hili. Mnamo Juni 1853 mtu aitwaye Augustus Pope, wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alipewa hataza ya kengele ya wezi iliyotumia umeme. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mbunifu dhidi ya kuigwa. Katika mpango wake, mlango ulipofunguliwa, nyaya mbili ziligusana, mkondo wa umeme ukapita, kengele ikalia. Ni ubunifu mzuri, lakini tazama kasoro yake: mwizi akiukata waya kabla ya kufungua mlango, hakuna kitakachogusana, na kengele itabaki kimya. Panya akiutafuna waya huo, matokeo ni yaleyale. Kifaa kikiharibika, hunyamaza.

Wabunifu waliofuata wakaligeuza wazo hilo. Mkondo mdogo wa umeme ukaachwa upite saa zote kwenye njia iliyofungamana, ambayo mafundi huiita saketi iliyofungwa, na kengele ikapangwa ilie pale mkondo huo unapokatika. Mlango ukifunguliwa, sumaku iliyo juu yake huachana na swichi ndogo kwenye fremu, mkondo unakatika, kengele inalia. Mwizi akikata waya, inalia. Panya akitafuna, inalia. Kifaa sasa kikiharibika hupiga kelele. Kengele nyingi za milango utakazokutana nazo Nairobi zimejengwa hivyo, na huo ni uamuzi wa makusudi kabisa: mbunifu aliona afadhali kukusumbua usiku wa bure kuliko kukuacha umelala wakati mlango uko wazi.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia, na ukichanganyikiwa usijali, kila mtu huchanganyikiwa hapa. Kwa kuwa kifaa kikiharibika hulia, mteja humwita fundi kwa sababu ya kelele. Hajaita kwa sababu nyumba haiko salama. Ameita kwa sababu hawezi kulala. Na njia ya haraka kuliko zote ya kuzima kelele hiyo ni kuchukua kipande cha waya na kuziunganisha ncha mbili za saketi pale kwenye kisanduku, ili mkondo uzunguke papo hapo bila kwenda mlangoni. Dakika tano, kimya. Mteja anafurahi, analipa, na tangu siku hiyo mlango ule hauna kengele. Kisanduku kitasema kila kitu ni shwari, maana hicho ndicho kilichodanganywa.

Dawa ya udanganyifu huo ipo, na bei yake ni ndogo. Ni rezista, kijipande kinachopunguza mkondo wa umeme kwa kiasi maalumu. Kikifungwa mwisho kabisa wa waya, pale mlangoni, kisanduku huzoea kuona mkondo wa kiasi hichohicho. Ukikatika, kinajua waya umekatwa au mlango umefunguka. Ukizidi, kinajua kuna mtu ameunganisha njia ya mkato katikati. Lakini mafundi wengi huifunga rezista hiyo ndani ya kisanduku chenyewe, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hapo imekuwa pambo. Utakapofungua kisanduku cha kwanza maishani mwako, tazama rezista ziko wapi. Zitakuambia mengi juu ya aliyetangulia.

Tupande ngazi moja. Kitambuzi kinaweza kukosea kwa njia mbili. Kinaweza kulia pasipo na hatari. Tuite kosa hilo kengele ya uongo. Au kinaweza kunyamaza hatari ikiwepo. Tuliite ukimya wa hatari. Somo la makosa haya mawili lilikua sana kwa sababu ya rada za Vita vya Pili vya Dunia, ambapo askari aliyekaa mbele ya kioo alipaswa kuamua kama kidoa alichokiona ni ndege ya adui au ni kelele ya mtambo. Wanahisabati walionyesha ukweli mmoja usiokwepeka: kwa mtambo uleule, ukipunguza kosa moja kwa kubadilisha kiwango cha wepesi wake wa kuhisi, kosa la pili huongezeka. Ili kuyapunguza yote mawili kwa pamoja, sharti upate mtambo bora zaidi, au uuweke mahali pazuri zaidi.

Chukua kitambuzi mwendo, kile kisanduku cheupe kwenye kona ya sebule. Hakioni mtu, kinahisi miale ya joto isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi, na hushtuka joto hilo linapohama kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine. Mjusi akipita juu ya kioo chake, akiwa sentimita chache tu, anaweza kuonekana mkubwa kama mtu aliye mbali. Buibui akijenga utando mbele yake, pazia likipeperuka juani, paka wa nyumba akiruka kwenye kochi, yote yanaweza kukiamsha. Ua wa umeme nao una maadui zake: matawi yaliyolowa mvua, na tumbili wa maeneo yenye miti mingi, kama yale yanayopakana na Arboretum au Msitu wa Ngong.

Tufanye hesabu ya kubuni ili jambo hili likae kichwani. Tuseme mtaa una nyumba 100, na kila nyumba hutoa kengele ya uongo mara moja kwa mwezi. Hizo ni kengele 1,200 kwa mwaka. Tuseme pia wezi wa kweli huingia mara tatu kwa mwaka, na vitambuzi huwanasa wote. Kituo cha ulinzi kitapokea miito 1,203, na ya kweli ni mitatu tu, yaani takriban mmoja katika kila 400. Dereva wa gari la dharura atakimbia mara ngapi kabla hajaanza kwenda mwendo wa pole? Sasa fundi aje apunguze wepesi wa vitambuzi, kengele za uongo zishuke hadi 120, lakini katika wezi watatu mmoja apite bila kuhisiwa. Miito ya kweli sasa ni miwili kati ya 122, yaani mmoja katika kila 61. Je, mtaa uko salama zaidi au la? Wanafunzi wangu hubishana sana juu ya swali hili, na nafurahi wanapobishana, kwa sababu jibu haliko ndani ya kitambuzi. Liko kwa dereva, kwa mlinzi wa getini, kwa jirani: wanaamini nini wanaposikia mlio?

Mwanasaikolojia Shlomo Breznitz aliandika kitabu kizima mwaka 1984 juu ya namna kengele za uongo zinavyomomonyoa imani ya watu. Na mfano wa kutisha wa mmomonyoko huo ulitokea tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, ulipolipuka na kuua watu 11. Fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo huo, Mike Williams, alitoa ushahidi kwamba kengele kuu ilikuwa imezuiwa isilie yenyewe. Vitambuzi vilihisi na kuonyesha taa, lakini mlio wa jumla haukutoka. Sababu aliyoieleza ni kwamba wakubwa hawakutaka watu waamshwe saa tisa usiku kwa kengele za uongo. Fikiria jinsi sababu hiyo ilivyo ya kawaida. Ni ileile anayoitoa mama wa nyumba wa Lavington anapomwambia fundi, "Wewe kizime tu, watoto wana mtihani kesho." Hana kosa kutaka usingizi. Kazi yako ni kumpa usingizi huo bila kumnyang'anya ulinzi asioujua.

Sasa tutazame moshi, ambako maisha hupotea kwa dakika chache. Vitambuzi moshi vya nyumbani viko vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina punje ndogo mno ya madini ya ameriki 241, ambayo hutoa mnururisho unaoichaji hewa ndani ya chumba chake kidogo na kuiwezesha kupitisha umeme. Moshi ukiingia, mkondo hupungua, kengele inalia. Aina hii ni nyepesi kuhisi moto wa ndimi, unaotoa chembe ndogo sana. Aina ya pili hutumia mwanga: ndani yake kuna taa na jicho la kielektroniki ambalo kwa kawaida haliioni taa hiyo, moshi ukiingia hutawanya mwanga hadi ukalifikia jicho. Aina hii huwahi zaidi kuhisi moto unaofukuta bila ndimi, kama ule wa godoro au kochi lililoangukiwa na sigara.

Aina ya kwanza ndiyo yenye ugomvi na jikoni. Mafuta yakichomeka kidogo kwenye kikaango cha chapati, inapiga yowe. Basi mwenye nyumba hupanda kwenye kiti, hutoa betri, huiweka kwenye droo, na hadithi imekwisha. Ukiitwa kwenye nyumba hiyo, usimlaumu. Mpe njia nyingine: hamisha kitambuzi mita kadhaa kutoka jikoni kuelekea vyumba vya kulala, au weka kile cha mwanga mahali pa kile cha kwanza. Hapo umepunguza kengele za uongo bila kuongeza ukimya wa hatari, kwa sababu umebadilisha mahali au mtambo, ukaacha kucheza na wepesi wake. Kile cha zamani usikifungue kwa bisibisi kutafuta kasoro. Kiasi cha mnururisho ni kidogo na hakimdhuru mtu kikiwa kimefungwa, ila hakuna sababu ya kukichokoa. Zaidi ya hayo, vitambuzi moshi vya nyumbani vina umri: vikifika miaka 10 tangu kutengenezwa, ushauri wa kawaida ni kuvitupa na kununua vipya. Tarehe huandikwa mgongoni. Hiki ni kifaa ambacho mara nyingi jibu sahihi la fundi ni kukataa kukitengeneza.

Jihadhari pia na dhana kwamba kitambuzi kimoja hulinda dhidi ya kila kitu. Kati ya Juni na Agosti, Nairobi inapopoa, familia nyingi huingiza jiko la makaa chumbani ili kupata joto. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husinzia, kisha haamki. Kitambuzi moshi hakiihisi gesi hii kabisa, inahitaji chake. Gesi ya kupikia ya mtungi nayo ina tabia tofauti: ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na kitambuzi chake hufungwa chini karibu na sakafu. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribiana na wa hewa, huchanganyika nayo, na kitambuzi chake huwekwa karibu na wanapolala watu. Fundi anayekibandika cha gesi ya mtungi darini, eti kwa sababu hapo tundu la waya lilikuwepo tayari, ametimiza kazi kwa macho ya mteja tu.

Nimechelewa kidogo kufika kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote katika mitaa hii, nalo ni ugomvi wa kimyakimya kati ya mwizi na moto. Hofu ya mwizi hujenga vizuizi. Moto hudai njia ya kutokea. Grili inayomzuia mwizi asiingie humzuia mtoto asitoke. Kenya imelipa gharama kubwa kwa kusahau jambo hili. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na wizara mwaka 2008 ukasema wazi kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na grili na milango ifunguke kwa nje. Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown, katikati kabisa ya Nairobi, liliteketea na kuua zaidi ya watu 20. Manusura wengine walisema milango ilifungwa ili bidhaa zisiporwe, madai yaliyozua mjadala mkubwa.

Kuhusu maduka na ofisi, sheria imeingia: Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinahusu mahali pa kazi. Lakini fleti ya ghorofa ya nne Kilimani, yenye grili kwenye kila dirisha na kufuli mbili kwenye mlango wa chuma, iko mikononi mwa mwenye nyumba, mpangaji na fundi. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za magharibi ya Nairobi zimewekeza kwa mwizi na kumsahau moto. Utakuta kisanduku cha kengele kinacholinda maeneo manane ya nyumba, kamera sita, na hakuna hata kitambuzi moshi kimoja. Ukiitwa kutengeneza kengele ya wezi katika nyumba kama hiyo, ninakusihi useme neno kuhusu moto kabla hujafunga mkoba wako.

Ugomvi huohuo umo ndani ya milango ya kisasa ya umeme. Kuna kufuli inayoshikwa na sumaku yenye nguvu: umeme ukiwepo imefunga, umeme ukikatika inaachia. Na kuna nyingine inayobaki imefunga umeme ukikatika. Ya kwanza humpendelea anayekimbia moto; ya pili humpendelea anayemwogopa mwizi. Mteja hupiga simu akilalamika kwamba stima zikipotea mlango wa ngazi unabaki wazi, na anataka "urekebishwe." Mlango huo haujaharibika hata kidogo. Ukibadilisha kufuli yake kwa ile ya pili bila kuacha namna ya kuufungua kwa mkono kutoka ndani, umefunga njia ya kutokea ya jengo zima kwa ombi la mtu mmoja.

Na stima hupotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Mwaka 2023 giza la kitaifa lilirudi zaidi ya mara moja. Kisanduku cha kengele hutegemea betri nyakati hizo, kwa kawaida betri ya asidi ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 7. Maana yake ni kwamba ikiwa mpya inaweza kutoa ampea moja kwa takriban saa saba, au robo ya ampea kwa saa 28, kwa hesabu ya karatasi. Lakini betri hii huzeeka kimyakimya ndani ya miaka michache. Ukipima volti zake ikiwa imeunganishwa kwenye chaja, utaona namba nzuri tu, kwa sababu unapima chaja. Zima umeme wa ukutani, washa king'ora, usubiri, ndipo upime. Wateja hawapendi kelele hiyo. Waombe radhi mapema na uendelee.

Tufike sasa kwenye tabaka gumu zaidi, ambalo ndilo roho ya somo hili: muda wa ukarabati wenyewe. Kifaa kikiwa mezani kimefunguliwa, nyumba haina ulinzi wake, na mara nyingi anayejua hivyo ni fundi peke yake. Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, mtambo wa kuchimba mafuta wa Piper Alpha ulilipuka na kuua watu 167. Mchana wa siku hiyo, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa ili ihudumiwe. Usiku, pampu ya pili ilipozima, zamu mpya iliiwasha ile ya kwanza bila kujua kwamba vali yake haipo. Kuna jambo jingine ambalo hutajwa mara chache zaidi: pampu za kuzima moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, ili zisiwafyonze wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini chini yake. Nia ilikuwa njema kabisa. Mtu alilindwa dhidi ya hatari moja kwa kuzima ulinzi dhidi ya nyingine, na moto ulipowaka, hakuna aliyeweza kuzifikia pampu zile.

Kutoka mkasa huo mkubwa tunajifunza mambo madogo ya kufanya kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Kabla ya kugusa chochote, piga simu kwenye kituo cha ulinzi uwaarifu kwamba unafanya majaribio, na uwape saa ya kumaliza. Hiyo saa ni muhimu kuliko taarifa yenyewe, kwa sababu nyumba nyingi huachwa katika hali ya majaribio siku nyingi baada ya fundi kuondoka. Kitufe cha dharura kikibonyezwa, kituo kinadhani ni fundi. Mwambie mlinzi wa getini kwa maneno yanayoeleweka: "Leo hadi jioni dirisha la nyuma halina kengele." Yeye ndiye kitambuzi kilichobaki. Mwambie pia msaidizi wa nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye anayeshinda humo na watoto na ndiye anayesahauliwa. Ukilazimika kuliacha eneo moja bila kengele hadi kipuri kipatikane, andika kwenye karatasi na uibandike pale kwenye kibao cha namba cha kuwashia na kuzimia kengele, kwa Kiswahili, na tarehe. Usiitegemee kumbukumbu ya mtu, hata yako.

Vilevile jifunze kupanga. Ukikuta kengele ya wezi na kitambuzi moshi vyote vimekufa, na saa zimebaki mbili tu kabla ya giza, anza na cha moshi. Mwizi anaweza kuzuiwa na mlinzi, mbwa, taa au kufuli usiku mmoja. Hakuna mlinzi anayenusa moshi kutoka getini. Na usisahau mwili wako mwenyewe. Ua wa umeme hutoa mipigo ya maelfu ya volti, takriban mmoja kila sekunde, na ingawa kila mpigo ni mfupi mno kwa makusudi, ukikurusha kutoka juu ya ngazi ukutani utakachokumbana nacho ni sakafu. Uzime, uthibitishe kwa kipimo, na ufunguo wa mashine yake ukae mfukoni mwako hadi ushuke.

Msomaji anaweza kuniuliza: haya yote yanamhusu nini mtu wa Kangemi au Kawangware, anayeishi katika chumba kimoja cha mabati chenye mlango mmoja, bila kisanduku wala gari la dharura? Yanamhusu sana. Mnyororo wa kuhisi, kuamua na kutangaza upo pale pia, ila umebebwa na watu: jirani anayenusa, anayepiga kelele, anayegonga mabati. Unaharibika kama mwingine wowote, kwa mfano jirani huyo akihama au kichochoro kikizibwa na kibanda kipya. Kitambuzi moshi kinachotumia betri, kikifungwa kwenye chumba cha namna hiyo, kina matatizo yake ya jiko na taa ya mafuta, na swali la kukifanya kikae bila kunyofolewa kwa sababu ya kelele bado halijapata jibu la kutosha. Ningependa kizazi chako cha mafundi kilichukulie kuwa swali la heshima kama lile la jumba la kifahari.

Kurasa zinazofuata zitaingia ndani ya kila kifaa: saketi, betri, vitambuzi, ua wa umeme, mawasiliano na kituo. Kabla hujazifungua, fanya zoezi moja leo. Kagua nyumba unayolala, chumba kwa chumba, ukitafuta kila kitu kinachopaswa kukuamsha. Geuza kila kitambuzi usome tarehe mgongoni. Bonyeza kitufe cha majaribio huku mtu mwingine akiwa amelala chumba cha mwisho, mlango umefungwa, kisha umuulize kama alisikia. Jaribu kufungua grili ya kutokea gizani, ukijua ufunguo uko wapi, halafu mwambie aliye mdogo kuliko wote nyumbani ajaribu naye. Andika ulichokikuta kwenye daftari, pamoja na tarehe, kwa sababu tutalihitaji daftari hilo katika sura ya kwanza.